Mzabibu ulioitwa kwa jina la mwenziwe

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mnyonge wangu wa leo si binadamu. Ni mzabibu wa Chile, Amerika ya Kusini, ambao kwa zaidi ya miaka mia moja uliitwa kwa jina la mwenziwe, kisha ukalaumiwa kwa kutofanana naye.

Jina lake ni Carménère na asili yake ni Bordeaux, Ufaransa. Katikati ya karne ya 19, matajiri wa Chile waliagiza miche kutoka huko ili watengeneze divai ya Kifaransa nchini mwao. Carménère na Merlot zina majani yanayokaribiana sana. Zikapandwa shamba moja, na zote zikaitwa Merlot.

Katika miaka ya 1860 balaa liliikumba Ufaransa. Mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, alishambulia mizizi ya mizabibu na kuteketeza mashamba. Wakulima waliokoka kwa kupandikiza vikonyo vya mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani. Lakini Carménère, iliyokuwa ikipukutisha maua na kuzaa haba, haikurudishwa shambani. Ikadhaniwa imekwisha.

Kumbe ilikuwa hai Chile, nchi inayokingwa na milima ya Andes, jangwa la Atacama na bahari ya Pasifiki. Ilikuwa hai, ila haikutunzwa ipasavyo. Carménère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Mkulima aliyeamini shamba lote ni Merlot alivuna yote kwa pamoja, nyingine zimeiva, nyingine mbichi. Divai ikawa na ladha ya majani mabichi na pilipili hoho. Lawama zikaiendea zabibu.

Tarehe 24 Novemba 1994, mtaalamu wa mizabibu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alitembelea shamba la Viña Carmen katika bonde la Maipo. Akaitazama mizabibu kwa makini, akasema hii si Merlot, ni Carménère. Mwaka 1998 serikali ya Chile iliitambua rasmi. Wakulima wakaanza kuitenga na kuisubiri.

Ladha ikageuka. Ikivunwa kwa wakati wake, divai hii ni nyekundu iliyokolea, laini ulimini, ina ladha ya matunda meusi na viungo, na hoho hubaki harufu ya mbali tu. Wachile huinywa na pastel de choclo, chakula kinachookwa katika bakuli la udongo: chini nyama ya kusaga iliyokaangwa na vitunguu na bizari nyembamba, vipande vya kuku, yai na zeituni, juu mahindi mabichi yaliyosagwa. Utamu wa mahindi huipoza divai, na bizari huitana na viungo vyake. Harufu ile iliyokuwa aibu yake sasa ndiyo inayoipatanisha na chakula.

Ndugu msikilizaji, unywe divai au usiinywe, tafakari hili. Udongo wa Maipo haukubadilika, wala jua. Kilichobadilika ni jina, na pamoja na jina, siku ya kuvuna. Je, majumbani na shuleni mwetu tuna watoto wangapi tunaowaita wabovu, kumbe tumewapima kwa kalenda ya wenzao?

Tukutane wiki ijayo.