Waridi jeupe la kukwea (Bonde la Kilombero)

Waridi jeupe la kukwea ni ua la bustani ambalo matawi yake hufika mita 3 au zaidi ukutani. Halina vikono vya kujishikilia kama pasheni, hivyo sharti lifungwe kamba. Lipo waridi jeupe la asili ya Afrika, Rosa abyssinica, ila hilo ni la nyanda za juu za Ethiopia na jirani zake. Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero, ni bondeni, kuna joto na unyevu. Aina inayofaa zaidi huku ni ‘Climbing Iceberg’, iliyotokana na waridi la mwaka 1958 la Kordes, mzalishaji wa mawaridi wa Ujerumani. Harufu yake hafifu. Anayetaka manukato heri apande asumini.

Adui mkubwa ni maji. Mvua za Machi na Aprili hutuamisha maji kwenye udongo wa mfinyanzi na mizizi huoza, kwa hiyo mche hupandwa juu ya tuta lililochanganywa mchanga na samadi iliyooza. Pumba za mpunga, ambazo hazikosekani penye mashine za kukoboa, hutandazwa juu bila kugusa shina, maana mchwa hawachelewi. Kwa kufungia matawi, nguzo za mtiki hudumu kuliko mianzi.

Matawi yakilazwa ubavu, karibu kila jicho hutoa kikonyo chenye maua. Yakiachwa wima, huchanua kileleni tu. Majani yenye madoa meusi huokotwa na kuchomwa. Umwagiliaji hufanywa asubuhi, shinani, si majanini. Kupogoa hufaa Juni, mvua zikishakatika.