Mpiga Debe Anayelipa Nauli

Mwezi uliopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa halmashauri, akiwa na mkoba wa vidonge vya lishe na karatasi iliyochorwa maduara yaliyounganishwa kwa mistari. Alianza kama mteja. Kisha akaambiwa kwamba akilipia kifurushi cha kuanzia atakuwa wakala, na kila atakayemwingiza atamletea kamisheni. "Mwalimu, hii ni biashara au ni upatu?" Badala ya kumjibu, nilimrudisha nyuma kidogo.

Mwaka 1934, huko California, Carl Rehnborg alianzisha biashara ndogo ya virutubisho, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Nutrilite. Mwaka 1945 usambazaji ukashikwa na Lee Mytinger, aliyekuwa akiuza viwanja vya makaburi, na William Casselberry, mwanasaikolojia. Hapo ndipo mfumo huu ulipopata umbo lake: mteja aliyeridhika anunue mzigo, awauzie majirani, kisha apate sehemu ya mauzo ya wale aliowaingiza. Mshahara wa muuzaji, pango la duka na gharama za matangazo vikahamia mabegani mwa mteja. Pale stendi mpiga debe hulipwa na kondakta. Huyu analipa nauli ndipo aruhusiwe kuita abiria.

Neno la jirani huaminiwa kuliko tangazo, na wenye biashara walilijua hilo. Lakini kijitabu walichobeba mawakala hao kilidai makuu kuhusu afya, hata mwaka 1948 serikali ya Marekani ikakamata shehena za bidhaa hiyo mara kadhaa. Shauri likafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1950 iliunga mkono mamlaka ya serikali ya kukamata.

Miongoni mwa mawakala wa Nutrilite walikuwamo Rich DeVos na Jay Van Andel, waliojiunga mwaka 1949 na kuanzisha Amway mwaka 1959. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba Amway haikuwa upatu, kwa kuwa malipo yalitokana na bidhaa zilizouzwa, wakala alitakiwa kuwa na wateja halisi, na mzigo usiouzika ungeweza kurudishwa. Tume hiyohiyo iliikataza kampuni kutia chumvi mapato ya mawakala. Sehemu hii ya hukumu, kwa bahati mbaya, haisomwi sana kwenye semina za hotelini.

Kwetu Tanzania, mwaka 2009, tuliona DECI, ambako hata kidonge hakikuwapo. Watu "walipanda mbegu" ya fedha na kungoja mavuno, nayo mavuno ya wa mbele yakawa mbegu za wa nyuma. Serikali ilipoisimamisha, waliopanda mwisho ndio waliobaki na stakabadhi.

Basi nikamuuliza kijana wangu swali moja: kati ya chupa zilizotoka mwezi huo, zake na za wote walio chini yake, ni ngapi zilizonunuliwa na mtu asiyetaka kuwa wakala? Alitazama maduara yake kwa muda mrefu.

"Mbili," akasema. "Zote alichukua mama mkwe. Bado hajalipa."