Ukaguzi wa Kiufundi Kabla ya Kuuza Gari la Michezo Lililotumika

Gari la michezo lililotumika huuzika kwa shida kuliko gari la kawaida, kwa kuwa kila mnunuzi huanza na dhana kwamba limeendeshwa kwa fujo. Muuzaji anayelipeleka gereji kabla ya kulitangaza huwa na jibu la maandishi kwa dhana hiyo, au hugundua mapema kwamba dhana yenyewe ni ya kweli.

Mfano unaofahamika zaidi Afrika Mashariki ni Subaru Impreza WRX, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992 na kujipatia sifa katika mbio za magari, yakiwamo mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1997 nchini Kenya, ambayo Colin McRae alishinda kwa Impreza. Matoleo mengi yaliyotoka Japani yana injini ya EJ20: lita 2.0, tabo, na silinda nne zilizolala, mbili kila upande.

Ukaguzi huanza injini ikiwa baridi. Mlio wa kugonga unaofifia kadiri joto linavyopanda mara nyingi hutokana na pistoni kulegea ndani ya silinda. Unaoongezeka injini ikishapata joto huashiria beringi za konrodi kuchakaa, na hilo ni zito zaidi. Kisha fundi hutoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda. Kinachoangaliwa zaidi ni uwiano: tofauti inayozidi takriban asilimia 15 baina ya silinda hudai uchunguzi zaidi wa ringi, valvu au gasketi. Kwa kuwa plagi za injini iliyolala ziko pembeni, mahali pa kubana, baadhi ya mafundi huiruka hatua hii. Haifai kurukwa, maana kipimo cha kompyuta pekee hakionyeshi uchakavu huo.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila takriban kilometa 100,000. Ukikatika, valvu huweza kugongana na pistoni, hivyo risiti ya kuubadilisha ina thamani kubwa wakati wa kupatana bei. Tabo hukaguliwa kwa kutazama ulegevu wa shafti na moshi wa bluu. Matairi nayo hayasahauliki: gari hili huendeshwa kwa magurudumu yote manne, na tairi zenye uchakavu usiolingana huichosha difu ya kati.

Wapo wanaoosha injini kabla ya kumwita fundi. Hufuta alama za mafuta yanayovuja, na mkaguzi mzoefu huitilia shaka injini inayong'aa kuliko bodi.

Nchini Tanzania suala hili lina upande wa kisheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huhesabu kuficha kwa makusudi jambo ambalo muuzaji analifahamu kuwa ni udanganyifu, na mnunuzi aliyedanganywa anaweza kuomba mkataba ubatilishwe. Kasoro iliyoandikwa kwenye ripoti na kusainiwa na pande zote mbili haiwezi kudaiwa kuwa ilifichwa.

Aidha, namba za injini na chesisi zilinganishwe na kadi ya gari. Magari ya aina hii hubadilishwa injini mara kwa mara, na namba isiyolingana inaweza kukwamisha uhamisho wa umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ripoti iandikwe tarehe na kilometa zilizosomwa siku ya ukaguzi.