Abayudaya na Torati ya mdomo

Abayudaya (kwa Kiganda: watu wa Yuda) ni jumuiya ya Wayahudi wanaoishi Uganda mashariki, hasa karibu na mji wa Mbale. Ilianza kwa watu waliosoma vitabu vya Musa wenyewe, bila rabi. Baadaye ilipokea Torati ya mdomo, yaani mapokeo ya marabi yanayofafanua Maandiko kupita maana ya maneno yalivyoandikwa.

Mwanzo

Semei Kakungulu (1869-1928) alikuwa jemadari Mganda na Mkristo wa Kiprotestanti aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda mashariki. Baada ya kukosana nao alijiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa na kushika Sabato ya Jumamosi. Akisoma Biblia ya Kiganda, aliona kwamba tohara aliyoagizwa Abrahamu ni amri ya kudumu. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa kuwa tohara ni jambo la Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi.

Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 cha mafundisho na sala. Hata hivyo desturi kadhaa za Kikristo, kama ubatizo wa watoto, ziliendelea kwa muda.

Torati ya mdomo

Marabi hufundisha kwamba Musa alipokea mlimani Sinai Torati mbili: iliyoandikwa, na ile iliyopokezwa kwa mdomo kutoka mwalimu hadi mwanafunzi. Hii ya pili iliandikwa baadaye katika Mishna (mnamo 200 BK) na katika Talmudi, ambayo ile ya Babeli ilikamilika takriban karne ya 6.

Hoja yao mojawapo ni kwamba maandishi yenyewe yana mapengo. Kumbukumbu la Torati 12:21 inaagiza mnyama achinjwe kwa namna iliyoamriwa, lakini hakuna mahali katika vitabu vitano panapoeleza namna hiyo. Mapokeo ndiyo yanayoeleza: kisu kiwe kikali na kisicho na pengo, na koo likatwe bila kusita.

Kanuni za ufafanuzi

Ufafanuzi huo haufanywi kiholela. Mzee Hillel anahesabiwa kanuni 7, na Rabi Ishmaeli kanuni 13. Mbili zinazojulikana zaidi ni:

- Kal vahomer, hoja ya kutoka jepesi hadi zito: jambo likikatazwa siku ya sikukuu, ambayo sheria yake ni nyepesi, hapana budi limekatazwa pia siku ya Sabato.
- Gezera shava: neno moja likitumika mahali pawili, sheria ya mahali pamoja huweza kueleza pengine. Mtu hawezi kujitungia hoja hii. Ni lazima aipokee kwa mwalimu.

Msomaji anayeijua fiqhi ya Kiislamu ataona ukaribu na kiyasi.

Mifano

- Jicho kwa jicho (Kutoka 21:24): marabi hawakuagiza kumng'oa mtu jicho. Mishna inadai malipo ya mambo matano: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, muda wa kutofanya kazi, na aibu.
- Mwanambuzi na maziwa ya mama yake: katazo hili limeandikwa mara tatu. Marabi walifafanua kwamba nyama na maziwa visipikwe pamoja, visiliwe pamoja, wala mchanganyiko wake usitumiwe kwa faida yoyote.
- Mwana mkaidi (Kumbukumbu la Torati 21:18-21): adhabu iliyoandikwa ni kifo. Masharti yaliyowekwa ni magumu kiasi kwamba, kwa maoni yaliyomo katika Talmudi, kesi ya namna hiyo haikuwahi kutokea.

Kwa hiyo ufafanuzi mara nyingine huikaza amri, na mara nyingine huilegeza.

Si Wayahudi wote wanaoukubali. Wakaraiti huukataa. Beta Israel wa Ethiopia waliishi karne nyingi bila Talmudi; kwa kufuata Kutoka 35:3 walizima moto kabla ya Sabato, ilhali wafuasi wa marabi huwasha taa kabla ya Sabato kuingia na kuziacha ziwake.

Kukutana na mapokeo ya marabi

Katika miaka ya 1920 Myahudi mgeni aitwaye Yosef alikaa na jumuiya kwa miezi kadhaa. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula. Ubatizo uliachwa. Hata hivyo hawakuwa na marabi wao, na chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wengi waliiacha.

Mwaka 2002 mahakama ya marabi wa tapo la Conservative ilisimamia uongofu rasmi wa mamia yao. Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, akarudi kuongoza sinagogi la kilima cha Nabugoye. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Kundi la Putti lilichagua njia ya Kiorthodoksi.

Suala la kutambuliwa

Hatua ya 2002 haikukubaliwa na wote. Baadhi ya Abayudaya walijiona Wayahudi tangu 1919, kwa kuwa walizishika amri zilizoandikwa. Sheria ya marabi, kwa upande wake, hudai mahakama ya watu watatu na kuzamishwa majini, masharti yatokanayo na ufafanuzi. Waorthodoksi hawakubali uongofu uliosimamiwa na Conservative, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imekataa kuutumia kama msingi wa kuwapa Abayudaya haki ya kuhamia huko.