Redio ya sufuria, redio ya springi na mchungaji wa Biliqo

Leo naweka kando Java na hifadhidata. Nataka tuzungumzie historia ya kifaa ambacho hakijawahi kupata jina moja: kile chombo cha bei nafuu kinachokupa sauti huku mikono yako ikiendelea na kazi nyingine.

Huko Ulaya na Marekani wazo hili huuzwa kama starehe. Tangazo lina mtu anayekimbia bustanini na waya masikioni. Lakini chukua Biliqo, kule wadi ya Chari, Merti, kaunti ya Isiolo. Mchungaji wa Kiborana ana fimbo mkononi, pengine na ndama mchanga begani, na macho yake yako kwa mifugo. Akifika kisimani mikono yote miwili inashika kamba na ndoo. Kifaa chochote kinachomtaka asome menyu au abonyeze vitufe vidogo kimeshindwa kabla ya kuwashwa. Kwa hiyo kinachoitwa starehe mahali pengine, hapa ni sharti la kwanza. Na ukifuatilia historia utaona wahandisi wamekuwa wakilizunguka sharti hili kwa zaidi ya miaka 70, mara nyingi bila kujua.

Tuanze mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Afisa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, alikuwa na kituo cha redio kinachotangaza kwa lugha za Kiafrika lakini wasikilizaji hawakuwa na redio. Zilizokuwepo zilikuwa ghali na zilitaka umeme. Akaishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready kule Uingereza itengeneze redio ya bei ya chini. Kasha lake la kwanza lilikuwa sufuria ya alumini, sufuria kabisa, ikapakwa rangi ya buluu! Bei ilikuwa pauni 5, na betri yake kubwa iliuzwa kando kwa shilingi 25, ikidumu kama saa 300.

Hebu tulia kwenye hesabu hiyo. Betri moja ilikuwa robo ya bei ya redio. Kila baada ya saa 300 unanunua robo ya redio tena. Sisi wa programu tunaujua mchezo huu: gharama ya kununua si gharama ya kuendesha. Wengi wanaotangaza vifaa "vya maskini" hutaja namba ya kwanza tu.

Kisha ikaja transista. Iligunduliwa Bell Labs mwishoni mwa 1947, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ya kibiashara, Regency TR-1, ikauzwa Marekani kwa dola 49.95. Redio sasa iliingia mfukoni na ilikula umeme kidogo sana. Afrika Mashariki mzee na redio yake ya National wakawa kitu kimoja. Tanzania ilionyesha kinachowezekana: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kupitia vikundi vya kusikiliza redio, na baada ya kipindi watu walijadiliana kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Sauti moja, masikio mengi, mikono huru kushika jembe.

Lakini betri zilibaki kuwa tatizo. Nani kati yetu hajaona mawe ya redio yameanikwa juani juu ya bati ili yapate nguvu kidogo ya kumalizia taarifa ya habari? Kaseti ya Philips, iliyotoka 1963, ilimpa msikilizaji uhuru wa kuchagua la kusikiliza na saa ya kulisikiliza, lakini mota yake ilikula mawe kuliko redio. Ndiyo maana mkanda ulirudishwa nyuma kwa kalamu ya biro.

Sasa tufike kwa mtu ninayempenda zaidi katika kisa hiki, Trevor Baylis. Huyu Mwingereza alikuwa mwogeleaji, akawahi kufanya maonyesho ya hatari majini, kisha akauza mabwawa ya kuogelea. Mwaka 1991 alikuwa akitazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika. Kilisema elimu kwa njia ya redio ingesaidia kuzuia maambukizi, ila watu hawana umeme na betri ni ghali. Baylis akaingia karakanani. Akachukua mota ndogo akaifanya jenereta, akaunganisha springi na gia. Unazungusha mpini, springi inajikaza. Ukiachia, inajikunjua polepole na kuzungusha dainamo. Ni saa ya ukutani iliyooana na dainamo ya baiskeli.

Kampuni nyingi zilimkataa. Aprili 1994 BBC ikamwonyesha katika kipindi cha Tomorrow's World, na hapo milango ikafunguka. Wawekezaji wakaunda kampuni ya BayGen, baadaye Freeplay, na kiwanda kikafunguliwa Cape Town kikiajiri watu wenye ulemavu. Nelson Mandela akaiunga mkono. Mwaka 1996 redio hiyo ikashinda tuzo za ubunifu za BBC. Kwa uzinduzi, sidhani kuna kifaa kilichowahi kuzinduliwa kwa Afrika kwa shangwe kama hiyo.

Tatizo? Springi ni chuma, na chuma ni kizito. Redio hii ilikuwa mzigo wa kilo kadhaa, si kitu cha kutembea nacho nyuma ya ngamia. Unazungusha mpini, unapata takriban nusu saa, kisha unarudi kuzungusha. Yaani iliondoa gharama ya betri ikailipisha mikono! Kwa familia iliyokaa chini ya mti ni sawa kabisa. Kwa mtu anayetembea, hapana. Matoleo ya baadaye yaliacha springi, mpini ukawa unachaji betri ya ndani, na paneli ndogo ya sola ikaongezwa. Baylis mwenyewe alilalamika hadharani kwamba mabadiliko hayo yalimwondolea haki zake, na hakutajirika. Alifariki Machi 2018.

Tawi la hisani la Freeplay lilitoa redio ya Lifeline mwaka 2003, baada ya kuzungumza na watoto yatima wa Rwanda waliokuwa wakilea wadogo zao. Nayo ilikuwa ya buluu, kama ile sufuria, sijui kama kuna aliyekumbuka. Hadi hapo bado tunazungumzia redio: ukikosa kipindi, umekikosa. Mchungaji aliyekuwa malishoni saa ya matangazo hakusaidiwa na springi wala sola.

Ndipo MP3 inapoingia. Jina la faili .mp3 lilichaguliwa na watafiti wa Fraunhofer, Ujerumani, Julai 1995. Mwaka 1998 Diamond Rio ilikuwa na megabaiti 32, nusu saa ya muziki tu, kwa dola 200. Lakini mazungumzo hayahitaji ubora wa muziki. Sauti ya mtu anayeongea inatosha kwa kilobiti 32 kwa sekunde. Hizo ni kilobaiti 4 kila sekunde, megabaiti 14.4 kwa saa, na gigabaiti moja inabeba karibu saa 70 za maongezi. Kadi ndogo kama ukucha inabeba mwaka mzima wa barazani.

Waliotambua hili mapema walikuwa wachache. Cliff Schmidt, mtengeneza programu aliyewahi kufanya kazi Microsoft, alianzisha Literacy Bridge mwaka 2007 na kupeleka Ghana "kitabu kinachozungumza": plastiki ngumu, hakuna skrini, vitufe vyenye picha, na sauti inayokuambia ubonyeze nini. Wakulima waliweza pia kujirekodi. Lile shirika la redio ya buluu, likiwa sasa Lifeline Energy, likatoa Lifeplayer mwaka 2010: redio, kichezeo cha MP3, kinasa sauti, sola na mpini katika kasha moja, sauti ya kutosha darasa zima.

Vyote vilikuwa vizuri. Lakini tembelea soko lolote la kaskazini mwa Kenya ukaone kilichoshinda. Ni kale karedio ka Kichina kenye tundu la kadi na tundu la USB, na simu ya kabambe yenye tochi. Hakuna aliyevizindua, hakuna tuzo, hakuna kiongozi aliyepiga navyo picha. Kadi inajazwa mjini na kijana mwenye kompyuta kwa shilingi chache. Kifaa kinaning'inizwa shingoni au kwenye fimbo, sola ya nyumbani inakichaji, na mikono inabaki na kazi yake.

Mimi kama mtu wa programu nasema mashine imepatikana. Kilichobaki nyuma ni cha kuweka ndani yake, na hapo ndipo pananiuma. KBC kwa miaka mingi ilitangaza Kiborana katika idhaa ya Mashariki, ikigawana saa na lugha nyingine za kaskazini. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoanzishwa 2011, hutoa taarifa ya kila mwezi kuhusu Isiolo: hali ya malisho, umbali wa kwenda majini, bei ya mbuzi. Hizi ndizo habari za kumwambia mtu wa Biliqo auze leo au asubiri. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, na taarifa zilikuwa zikitoka. Zinatoka kama PDF, kwa Kiingereza, zikiwa na grafu.

Muhtasari wake ukisomwa kwa Kiborana kwa dakika 10, kwa kiwango kile cha kilobiti 32, unapata faili la megabaiti 2.4. Linatumwa kwa simu ya yule kijana anayejaza kadi sokoni, naye analiweka faili la kwanza kabisa, juu ya nyimbo, ili kifaa kikiwashwa lianze lenyewe bila kubonyezwa kitu.