Mto wa Seoul na Wachuuzi Waliohamishwa Mara Mbili

Wapangaji wa miji wanapotafuta mfano wa mto uliofufuliwa katikati ya jiji, huutaja Cheonggyecheon wa Seoul, Korea Kusini. Mto huo ulianza kufunikwa kwa zege mwaka 1958, kisha barabara ya juu ikajengwa juu yake. Mwaka 2003 Meya Lee Myung-bak alianza kuibomoa, na Oktoba 2005 maji yakaonekana tena katika urefu wa kilomita 5.8.

Waliohofu kwamba jiji lingekwama kwa foleni walisahau mabasi, ambayo mfumo wake ulipangwa upya mwaka 2004. Leo watu hutembea usiku kando ya maji, chini ya taa. Lee mwenyewe alichaguliwa kuwa rais mwaka 2007.

Historia haiishii hapo. Wachuuzi wengi waliotandaza bidhaa kando ya barabara ile waliondolewa, wakapelekwa katika uwanja wa michezo wa Dongdaemun, ambao baada ya kufungwa uligeuzwa pia maegesho ya magari. Mwaka 2008 uwanja huo nao ulibomolewa, wakahamishwa tena. Mahali pake pakajengwa jumba la ubunifu lililofunguliwa mwaka 2014.

Mwenye gari alipopoteza barabara, serikali ilimtafutia basi mapema. Mchuuzi alipewa uwanja wa muda, kisha akanyang'anywa. Anayetaka kuiga Seoul na aanze kwa kuwahesabu wachuuzi, kabla hajachora bustani.