Mkono wa Mpiga Fidla



Leo tuzungumze juu ya mpiga fidla mmoja. Fidla ni chombo kile kile tukisikiacho katika taarabu za Mombasa. Huyu aliitwa Bronisław Huberman, Myahudi wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1882. Kwao hawakuwa matajiri. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alipelekwa Berlin kwa Joseph Joachim, mwalimu mashuhuri wa siku zile, naye akamkubali. Mwaka 1896, akiwa na miaka 13 tu, alipiga konseto ya Brahms mjini Vienna, na Brahms mwenyewe ameketi akisikiliza. Tangu hapo akazunguka dunia, akapata sifa na fedha.

Mwaka 1933 Hitler akashika utawala Ujerumani, na wanamuziki Wayahudi wakaanza kufukuzwa kazini. Huberman yeye aliitwa! Kiongozi mkuu wa muziki, Wilhelm Furtwängler, alimwomba aje Berlin apige. Angeweza kwenda, jina lake lilikuwa kubwa. Akakataa hadharani. Nikisoma habari hiyo namkumbuka Mordekai na lile swali alilompelekea Esta katika jumba la mfalme. Soma mwenyewe, Esta sura ya 4.

Wakati huo Huberman alikuwa akifundisha Vienna. Akaanza kazi nyingine: kuunda okestra huko Palestina, nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Alisafiri akichangisha fedha, na hata Albert Einstein alimsaidia huko Marekani. Akahangaikia hati za kuingia nchini, si za wapigaji peke yao, bali na za wake, watoto na wazazi wao. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,000 waliokoka kwa njia hiyo.

Lakini, ndugu yangu, hapa moyo wangu husita. Ili kuingia katika okestra ilibidi mtu ajaribiwe. Alipiga, nao wakamsikiliza. Aliyefaulu alipata njia ya kutoka, yeye na jamaa yake. Na yule ambaye vidole vilitetemeka siku ile? Alirudi nyumbani na chombo chake, na yaliyowapata Wayahudi wa Ulaya baadaye twayajua. Mimi nimewahi kusahihisha mitihani ya watoto, na usiku nilikosa usingizi kwa ajili ya alama mbili tatu. Sijui mtu huyu alilalaje.

Mwezi wa Februari 1936, alipokuwa jukwaani New York, fidla yake ya thamani, kazi ya Stradivari ya mwaka 1713, iliibwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Hakuacha kazi. Tarehe 26 Desemba mwaka huo huo okestra ilipiga kwa mara ya kwanza huko Tel Aviv, ikiongozwa na Arturo Toscanini, aliyekataa malipo. Mwaka uliofuata ndege aliyopanda Huberman ilianguka Sumatra, akavunjika mkono wa kushoto. Ilimbidi auzoeze upya, kidole kwa kidole, kama mtoto aanzaye, hata akaweza kupiga tena mbele ya watu.

Alifariki Uswisi mwaka 1947. Fidla ile hakuiona tena. Mwizi alikuwa mpiga fidla mwenzake, aliyeitumia karibu miaka 50, akaungama kwa mkewe alipokuwa akikata roho mwaka 1985.